Tuliwasitiri, Hatukuwapa Haki

Kuna watu ambao harusi za mtaa wetu ziliwategemea miaka nenda miaka rudi, na leo wanazungumzwa kama vile wameteremka jana uwanja wa ndege. Nimechoka kusikia kwamba mapenzi ya jinsia moja yaliletwa Zanzibar na watalii, au na mashirika, au na televisheni. Watu hawa ni wa kwetu. Wamezaliwa Kikwajuni na Wete, wamesoma juzuu amma chuoni kama sisi, wamefuturu kwenye sinia moja na sisi. Ninachotaka kukieleza hapa ni namna tulivyoishi nao, nini kilichobadilika, na kwa nini naona ule ustaarabu wetu wa kusitiriana, ninaoupenda kwa moyo wangu wote, haukuwahi kutosha.

Mwaka 1899 jarida moja la Kijerumani, Zeitschrift für Ethnologie, lilichapisha makala fupi juu ya watu wa Zanzibar waliopenda wa jinsia yao. Imeandikwa kwa jicho la kikoloni, na dharau ya zama zile imo kila mstari. Siwezi kuisoma bila ya kukereka. Hata hivyo mna ushahidi ndani yake ambao hakuna anayeweza kudai umetungwa na wanaharakati. Inasimulia watoto wa kiume ambao tangu udogoni hawakuwa na hamu na wanawake, wakapenda kupika na kusuka mikeka, na kwamba jamaa zao walipoliona hilo waliliridhia bila ya makelele. Wakishakua walivaa nguo za kike, walisuka nywele, walikaa na wanawake. Wanatajwa pia wanawake waliokuwa na wanawake wenzao. Na hiyo ndiyo Zanzibar ya miaka miwili tu baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897. Hoteli ya ufukweni haikuwapo. Shirika la kupokea fedha za wafadhili halikuwapo. Anayesema jambo hili limeletwa na ndege atafute kwanza ndege ya mwaka 1899.

Mtaani kwetu Ng'ambo alikuwapo mtu ambaye watoto wote tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa na undugu wa damu na yeyote kati yetu. Bila ya yeye harusi ilikuwa haijakamilika. Alijua singo, ile ya kumsugulia bi harusi mwilini, ichanganywe na marashi kiasi gani ili bi harusi asiwashwe ngozi. Alichora hina kuanzia ncha za vidole hadi kiwikoni bila ya kutazama kielelezo chochote. Namkumbuka amekaa mkekani uani, miguu ameikunja upande, sinia ya asumini mbele yake, sindano na uzi mweupe mkononi, anatunga koja. Kila ua alilishika kwa ncha za vidole na kulitoboa kwenye kikonyo tu, maana asumini ukiiminya ule upande mweupe hugeuka rangi kabla ya jua kuzama, na bi harusi anapoingizwa ndani usiku koja lishakuwa kahawia. Mama alitaka kumsaidia. Akamwambia kwa upole: "Shoga, wewe endelea na biriani lako. Mikono yako ina thomu." Mama akarudi kwenye vitunguu vyake, akicheka.

Kila mtu alijua. Bibi yangu, ambaye sala ya Alfajiri haikumpita mpaka anakufa, alijua. Baba alijua. Mjomba aliingia uani penye wanawake waliovua mabuibui na hakuna mume aliyenuna, kwa sababu wote walijua ni nani aliyeingia. Hakuna aliyemuuliza habari za usiku wake, naye hakumsimulia mtu. Akiumwa, alipelekewa uji. Akipata shida ya kodi, watu walichanga.

Hakuwa peke yake, wala harusi hazikuwa mahali pekee. Kwenye ngoma za kibuki, zile za mashetani wa Bukini, yaani Madagascar, ambao hupandishwa kichwani kwa nyimbo, asali na brandi, watu kama yeye wana nafasi yao ya wazi, na watafiti waliokaa Unguja miaka mingi wameliandika hilo. Kwenye taarabu wamo tangu zamani: wanainuka kwenda kumtunza mwimbaji fedha, wanajua fumbo la kila ubeti linamlenga nani. Atakayetaka kuandika historia ya sherehe za Zanzibar na kuwaacha nje watu hawa ataandika historia yenye tundu.

Wanawake wapendanao na wanawake wenzao walijificha zaidi, na nadhani ilikuwa rahisi kwao kujificha. Mwanamke aliyeachwa na mumewe akahamia kwa rafiki yake, wakalala chumba kimoja, wakanunua doti moja ya kanga wakagawana, nani angemshangaa? Tunaoana mapema na kuachana sana visiwani hapa, na nyumba zenye wanawake wawili watu wazima ni nyingi mno kwa mtu kuanza kuzihesabu. Lakini kujificha huko nako kulikuwa na bei yake. Wengi waliolewa mara ya pili na ya tatu kwa kusukumwa, na hakuna aliyewauliza walichokitaka.

Sasa nizungumze na wenzangu Waislamu, ambao ndio wengi watakaosoma hapa. Sisemi kwamba masheikh wetu wameyahalalisha mapenzi haya. Najua fiqhi inasema nini, na sijaja kufanya tafsiri ambayo sina elimu yake. Lakini dini hiyohiyo, katika Sura Al-Hujurat aya ya 12, inatukataza kupelelezana na kusengenyana. Dini hiyohiyo imeweka sharti la mashahidi wanne kwa anayemtuhumu zinaa mwanamke mtwahara, na asiyewaleta anachapwa yeye bakora themanini. Na sote tumekua na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba atakayemsitiri Muislamu mwenzake, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera.

Kuna kisa cha Sayyidna Umar ambacho maalim wetu wa chuoni alipenda kutusimulia. Khalifa alikuwa anazunguka usiku Madina, akasikia sauti za kulewa ndani ya nyumba, akapanda ukuta akaingia. Mwenye nyumba akamwambia: ewe Amirul-Muuminina, ikiwa mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu. Mwenyezi Mungu amekataza kupeleleza, nawe umepeleleza. Amesema ziingieni nyumba kwa milangoni, nawe umepita ukutani. Amesema msiingie nyumba zisizokuwa zenu mpaka mbishe hodi na kuwasalimu wenyewe, nawe hukubisha wala hukusalimu. Umar akanyamaza, akaondoka. Kisa hiki nakiona ni kizito kuliko khutba nyingi ninazozisikia siku hizi, kwa sababu kinasema wazi kwamba mtawala ana mpaka, na mpaka huo ni ukuta wa nyumba ya mtu. Babu zetu waliuelewa. Ndiyo maana Mjomba aliweza kuishi.

Sheria ya kumfunga mtu kwa jambo hili ina asili nyingine kabisa. Mwaka 1860 Waingereza waliandika kanuni ya adhabu kwa ajili ya India, na ndani yake wakaweka kifungu namba 377 juu ya kile walichokiita kinyume na maumbile. Walipoitia Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890, sheria za India zilifanya kazi hapa pia, na mwaka 1934 tukapata kanuni yetu ya adhabu yenye makatazo ya aina hiyohiyo. Waingereza wakaondoka Disemba 1963. Mwaka 1967, kwao Uingereza na Wales, wakaacha kuwashitaki wanaume wawili watu wazima kwa wanayoyafanya faraghani. India nayo ilifika huko: Mahakama yake Kuu kabisa ilikiondolea nguvu kifungu hicho tarehe 6 Septemba 2018, kwa watu wazima walioridhiana. Walioiandika wameiacha, na walioandikiwa wameiacha, nasi tumebaki nayo na kuiita mila yetu.

Na sisi hatukuibakisha tu. Tumeiongeza. Aprili 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho, na Agosti mwaka huo Rais Amani Abeid Karume akayatia saini. Kanuni ile mpya ya adhabu iliweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa ule uitwao ukinyume wa maumbile. Ikawataja wanawake kwa jina la kosa lao, hadi miaka 5. Na ikaongeza jambo ambalo hata Mwingereza hakulifikiria: watu wawili wa jinsia moja kuishi kama mume na mke, au mtu kuwapangia au kuwasherehekea, hadi miaka 7. Kanuni iliyoifuata ya 2018 haikuyaondoa makatazo hayo. Nimekitafakari sana kifungu hicho cha kuishi pamoja. Mashahidi wake ni akina nani? Ni majirani. Sheria imemwambia jirani kwamba kile alichokuwa akikiona miaka yote na kunyamaza, sasa ni ushahidi.

Matunda yake tumeyaona. Septemba 2017 polisi walivamia hoteli moja mjini wakawakamata watu 20, wanawake 12 na wanaume 8, waliokuwa kwenye mafunzo ya Ukimwi. Mafunzo, nasema tena. Watu walikaa kwenye viti mchana kweupe wanafundishwa namna ya kujikinga na maradhi. Novemba 2018 wanaume 10 walikamatwa kwenye hoteli moja Pongwe, baada ya watu kupeleka habari polisi kwamba kuna harusi ya jinsia moja. Ilikuwa siku chache tu tangu mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, atangaze kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wampelekee majina. Serikali ya Muungano ilijitenga na kauli hiyo, ikasema ni mawazo yake binafsi. Lakini neno likishatoka halirudi, na majina yalianza kupelekwa.

Kwa upande wa afya, hii ni hatari kwetu sote. Utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 ulikuta kwamba miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, asilimia 12.3 walikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati kwa Wazanzibari kwa jumla kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1. Wizara na Tume ya Ukimwi ya Zanzibar zilielewa maana ya tarakimu hiyo, na ndiyo sababu kundi hili limetajwa kwenye mipango yao. Wengi wa wanaume hawa wana wake. Ukimtisha asiende kupima, humtishi yeye peke yake. Unamweka hatarini mkewe aliye kliniki ya wajawazito na hajui chochote. Daktari anataka aje, polisi anamngoja mlangoni. Serikali moja haiwezi kufanya yote mawili ikatarajia maradhi yapungue.

Sasa Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, maana Mzanzibari huwezi kuandika haya ukamruka. Kwa jina lake la kuzaliwa, Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer, Maparsi wenye dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akiwa na umri wa miaka minane hivi, akarudi kijana, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Hakuwahi kusimama jukwaani kutangaza mambo yake. Alipenda wanawake na alipenda wanaume, na miaka yake ya mwisho aliishi na Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana Ukimwi. Siku ya pili yake akafariki, na umri wake miaka 45.

Mwaka 2006, alipokuwa angetimiza miaka 60, mkahawa mmoja wa hapa ulipanga kumkumbuka. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga, sherehe ikafutwa. Tarehe 24 Novemba 2019, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani. Nimefurahi kwamba lipo. Vijana wetu wanaotembeza wageni wanapata riziki kwa jina lake, na riziki ni halali yao. Kinachoniuma ni kuwaona wakimsimulia mgeni habari za piano na za Wembley, na wanapofika kwenye maisha yake wanapunguza sauti au wanaruka. Wao si wa kulaumiwa. Wanajua wanaishi wapi. Lakini fikiria kijana wa Jang'ombe mwenye sauti nzuri, anayejijua moyoni kwamba ni kama Farrokh, anapita Shangani na kuona picha ile ukutani. Farrokh tunamtaka akiwa picha. Angekuwa hai na anapanga chumba Jang'ombe, tungempelekea polisi.

Narudi kwa Mjomba, kwa sababu habari yake haikuishia kwenye makoja ya asumini. Baada ya 2004, khutba zilibadilika. Familia moja moja zikaanza kutafuta mtu mwingine wa kupamba, kwa kuogopa maneno. Kisha zikaja simu za kamera. Kwenye sherehe zetu za wanawake simu hukatazwa, na aghalabu kuna mtu mlangoni wa kuzikusanya, maana wanawake ndani wamevaa watakavyo na hawataki sura zao zitoke. Kwenye sherehe moja mtu alipitisha simu, akampiga Mjomba video akicheza, na video ikazunguka. Ndani ya video ile walikuwamo pia wanawake vichwa wazi, wake za watu, waliodhalilishwa pamoja naye, lakini kelele zote zilimwangukia yeye. Alipigiwa mlango usiku. Aliandikiwa maneno ukutani. Wale waliokuwa wakimchangia kodi hawakutokeza barazani kumtetea, kwa sababu kumtetea kungekuwa ni kukiri kwamba walikuwa wanajua. Akachukua boti kwenda Bara.

Hapo ndipo nilipoelewa kasoro ya ustaarabu wetu. Sitara alipewa na watu, na watu waliirudisha siku walipoogopa. Hakuwa na chochote mkononi cha kudai. Asingeweza kwenda kituoni kusema nimetishwa, kwa sababu pale kituoni yeye mwenyewe ndiye mkosa. Wema wa majirani ulimtosha miaka thelathini ya amani, na ulimshinda wiki moja ya fitina. Haki ingembakia hata majirani wakimgeuka.

Alirudi mama yake alipofariki. Watu walijaa, maana kwetu maiti hasusiwi. Wanaume walikaa nje kwenye busati, wanawake ndani, naye alisimama kati ya mlango na baraza akiwa hajui aende upande gani, maana siku zote nafasi yake ilikuwa ndani na sasa aliogopa kuingia. Mzee mmoja, imamu mstaafu, akasogea akapiga busati kwa kiganja: "Njoo ukae, mwanangu. Umefiwa." Akakaa. Hakuna aliyeinuka. Niliyaona haya kwa macho yangu nikiwa nimebeba birika la kahawa, na ndiyo maana siwakatii tamaa watu wa kwetu. Wanaweza. Wameogopeshwa tu.

Wenzetu wa bahari hiihii wameshasonga. Shelisheli walifuta kosa hili kwa kura ya Bunge mwaka 2016. Mauritius, yenye Wahindu, Waislamu na Wakristo waliochanganyika kama mji wetu ulivyokuwa, Mahakama yake Kuu ilitamka Oktoba 2023 kwamba kifungu chao cha zamani kinapingana na katiba, na aliyeifungua kesi ni Abdool Ridwan Firaas Ah Seek. Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, waliondoa mwaka 2015. Misikiti ya nchi hizo haijafungwa, na ndoa za mume na mke zinafungwa kila wiki kama kawaida.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema binaadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na inalinda maisha ya mtu binafsi na nyumba yake. Simtaki mtu yeyote aache imani yake. Nataka vifungu vilivyopitishwa Aprili 2004 juu ya watu wazima walioridhiana viondolewe, nikianzia na kile cha kuishi pamoja, kwa sababu kinatugeuza majirani kuwa wapelelezi. Nataka mafunzo ya Ukimwi yasivamiwe. Nataka aliyetishwa aweze kwenda polisi akaandika maelezo na kurudi kwake. Baraza la Wawakilishi, pale Chukwani, lina uwezo wa kufuta kilekile lilichopitisha, na wajumbe wake huja kwetu kuomba kura, wanakaa barazani, wanakunywa kahawa yetu. Mimi wangu nitamuuliza, mbele za watu, na nawaomba wasomaji wangu mumuulize na wa kwenu.